Kaiti inadondokea nyuma nikivuta baa, na siku ile nilishindwa kujiokoa: nifanyeje?

Swali: "Habari mtaalamu. Nina mwaka mmoja na nusu kwenye kaiti, huu mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, naenda joshi (dhidi ya upepo) vizuri tu, siyo mwanafunzi tena. Miezi minne iliyopita nilinunua kaiti ya mtumba ya mita 12 za mraba pamoja na baa yake, ile fimbo ya kuiongozea. Shida ni kwamba upepo ukiwa mdogo nikivuta baa ili nipate nguvu, kaiti inasita juu halafu inadondoka kinyumenyume mpaka majini. Rafiki yangu akaniambia nivute trima (ile kamba ya kupunguzia nguvu) karibu nusu, ikatulia, ila upepo ukizidi sina tena pa kupunguzia. Wiki mbili zilizopita ikadondoka nikiwa kama mita 400 kutoka ufukweni, upepo ukazidi kufa, nikahangaika kuiinua zaidi ya dakika 20 nikashindwa. Nikafyatua usalama, nikaanza kuvuta kamba yoyote niliyoiona, moja ikanizunguka mguu juu ya kifundo, kaiti ikashika upepo ghafla ikanivuta. Bahati boti ilipita ikanichukua. Je, kaiti imechoka niitupe? Na siku kama ile si bora niachane na kila kitu niogelee tu?"

Jibu:

Pole sana ndugu yangu. Kabla ya kaiti nianze na huo mguu, maana hujausema zaidi ya hapo. Kamba ya kaiti ni nyembamba kweli na ikibeba uzito inakata nyama kama uzi unavyokata sabuni, halafu kidonda kwa nje kinaonekana kamchubuko tu kumbe ndani kimeenda mbali. Kama mpaka leo una ganzi kwenye vidole vya mguu, au kifundo hakikunji kama zamani, au pamevimba na kuwa pa moto, usisubiri ushauri wangu wa trima, nenda ukaonane na daktari.

Sasa tuje kwenye maswali yako. Umeuliza mawili, kaiti kudondoka na wewe kushindwa kujiokoa, na unayaona kama mambo tofauti, la kwanza la fundi na la pili la bahati mbaya. Mi naona ni jambo moja. Yote mawili ni hesabu ya urefu wa kamba, yaani ipi ni fupi kuliko mwenzake kwa wakati huo. Ukiielewa hiyo hutahitaji kukariri kitu kingine.

Kaiti yako ina kamba nne. Mbili za mbele zinapita katikati ya baa, zinakuja mpaka kwenye kile kitanzi cha hanesi (mkanda wako wa kiunoni) ambacho wengi tunakiita chikenilupu, na hizo ndo zinazobeba mwili wako. Mbili za nyuma zimefungwa kwenye ncha za baa na zinashika ukingo wa nyuma wa kaiti. Ukivuta baa kifuani unakaza za nyuma, ukingo wa nyuma unashuka, kaiti inalaza tumbo lake zaidi kwenye upepo, nguvu inaongezeka. Ukiiachia baa, ukingo unapanda, upepo unapita tu, nguvu inapungua. Hapo kila mtu anajua. Kisichosemwa sana ni kwamba hiyo nguvu ina mwisho. Kuna pembe ambayo ukiipita upepo haufuati tena mgongo wa kaiti, unabanduka, na kaiti inaacha kuruka na kuwa turubai tu lililosimama hewani. Hapo haiendi mbele wala haikuvuti kwenda juu, inarudi nyuma taratibu, makalio kwanza, ndo hicho ulichokielezea. Kwa hiyo kuvuta baa zaidi ili upate nguvu zaidi ni kweli mpaka mahali fulani tu, baada ya hapo unaua hata ile nguvu ndogo uliyokuwa nayo.

Ya kwako inafika kwenye hiyo pembe mapema kwa sababu, nakaribia kuapa, kamba zako za nyuma ni fupi kuliko za mbele. Hakuna aliyezikata. Ni kwamba za mbele zimerefuka. Miaka yote zenyewe ndo zimebeba uzito wa mwenye kaiti wa kwanza, na ruka zake, na mivuto yake, za nyuma zilikuwa zinaongoza tu. Kamba hizi hata ziwe za daynima (nyuzi imara za plastiki) nzuri namna gani zinanyooka kidogokidogo, na sentimita tano au saba kwenye kamba ya zaidi ya mita 20 huzioni kwa macho ila kaiti inaziona. Matokeo yake ukishika baa katikati, kaiti inahisi umeivuta yote.

Na ndo maana ushauri wa rafiki yako ulifanya kazi. Trima inafupisha kamba za mbele, yaani ukiivuta ni sawasawa na kuzirefusha za nyuma. Alipokwambia uvute nusu akawa amerudisha urefu ulioibiwa. Hakukosea, ila alilipa deni kwa akiba yako: ile trima imewekwa ili upepo ukizidi uwe na pa kupunguzia, sasa nusu yake umeshaitumia ukiwa bado kwenye upepo mdogo, upepo ukipanda inabaki nusu, na hiyo nusu haikutoshi. Na upepo haupandi kwa adabu. Nguvu yake inakwenda kwa mraba wa mwendo wake, kutoka noti 14 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) kwenda noti 20 unaona kama kaongezeko kadogo lakini mvuto umekuwa karibu mara mbili.

Kwa hiyo hapana, usiitupe kaiti. Ipime kwanza.

Tafuta mti, nguzo, chochote kisichosogea, na ndoano moja. Ncha zote nne za kamba zitundike kwenye ndoano hiyohiyo moja, halafu rudi nyuma na baa mpaka zinyooke, hakikisha hakuna fundo dogo popote maana fundo moja linafupisha kamba na pia linaidhoofisha. Achia trima yote, iwe kwenye nguvu kamili. Vuta baa mpaka mwisho chini kabisa. Egemea nyuma na uzito wako kidogo, sekunde kadhaa, halafu angalia. Kwenye baa nyingi za leo hapo kamba zote nne zinatakiwa zikaze sawa na baa ikae mlalo ulionyooka. Kitabu cha kaiti yako kikisema vingine fuata kitabu. Nitakwambia utakachokiona: za nyuma zimekaza kama nyuzi za gitaa, za mbele zimelegea zimeshuka tumbo.

Niliwahi kumpimia kijana mmoja hivihivi, alikuwa ameshanunua kaiti ya pili akidhani ya kwanza ni mbovu, na ya pili nayo ikawa inadondoka, akaanza kudhani yeye ndo mbovu. Baa ilikuwa ileile moja. Tulipotundika nikamwambia ashike kamba za mbele kwa vidole viwili atikise, zikacheza kama kamba ya kuanikia nguo, akakaa kimya muda halafu akacheka. Za nyuma zilipungua upande wa kulia sentimita nane, kushoto sita na nusu. Yaani juu ya kuwa fupi zilikuwa hazilingani, na kweli alikuwa amezoea kuendesha baa imeinama kidogo bila hata kujua, mwili ulishazoea.

Marekebisho ni rahisi. Kwenye ncha za baa, pale kamba za nyuma zinapoanzia, kuna vijikamba vinene vyenye mafundo matatu au manne. Baa nyingine mafundo yako chini ya yale maboya madogo ya ncha za baa. Hamisha kamba ya nyuma kwenye fundo la mbali zaidi na baa, hatua moja, pande zote mbili, upime tena. Kama mafundo yameisha fundi atakuongezea vijikamba, na muhimu viwe sawa kulia na kushoto. Ila kama kamba moja tu ndo imeharibika usibadilishe hiyo moja, badilisha zote nne, sababu mpya itaendelea kunyooka na wenzake hawanyooki, baada ya mwezi umerudi palepale. Ukirefusha kupita kiasi utajua pia: utavuta baa mpaka kifuani na hakuna kinachotokea, kaiti inakata kona kivivu, na ukiwa umesimama inakimbilia mbele kabisa ya dirisha la upepo (eneo la anga ambamo kaiti inaweza kuruka) mpaka inataka kukupita kichwani na kujikunja. Hapo rudisha fundo moja.

Baada ya mti kuna kipimo cha hewani, ambacho ndo hakimu. Ingia maji ya kiunoni, upepo wa kawaida, demani yako (upande upepo unakoelekea) kuwe kweupe hakuna watu wala mawe, kaiti juu kabisa ya kichwa, trima imeachiwa yote. Vuta baa polepole mpaka mwisho ishikilie, hesabu mpaka tano. Ikitulia umemaliza. Ikianza kurudi nyuma ongeza fundo. Ukiachia baa, kamba za nyuma zinatakiwa zibebe tumbo dogo hewani. Kama hata hapo zimekaza, bado ni fupi.

Ukishapanga hivo, trima majini inakuwa kitu kidogo sana, nayo nitaipita haraka. Isogeze mpaka ile sehemu ambayo kaiti inavuta vizuri iwe pale mikono yako imekunjika kidogo tu, siyo kifuani wala siyo umejinyoosha kama mtu anayechuma embe la juu. Upepo ukipanda vuta trima kidogo, ukishuka achia. Na ile sekunde upepo unakufa na kaiti inasita juu, mkono utataka kuvuta, kila binadamu mkono wake unataka kuvuta, wewe sukuma baa mbali, iache kaiti ipate mwendo mbele, ielekeze ishuke kidogo upande, ndo uvute. Ukiona umevuta trima yote na bado unaburutwa, au kamba za nyuma zimelegea mpaka baa haiongozi tena, basi hiyo kaiti ni kubwa kwa upepo huo, toka ubadilishe. Trima haigeuzi mita 12 kuwa mita 8.

Sasa siku ile.

Kamba fupi za nyuma ndo zilizokuangusha na ndo zilizokuzuia kuinuka. Ukivuta kamba moja ya nyuma kaiti inajiviringisha inasimama na ncha, inateleza kwenda pembeni ya dirisha, inaanza kupanda, halafu kwa sababu za nyuma zimebana inasita tena na kukaa chini. Ungeiona mara ya tatu inafanya hivohivo ungesema imelaaniwa. Wakati inaachana na maji baa ilitakiwa iwe imeachiwa, na kama za nyuma ni fupi hata kuachiwa hakutoshi, hapo ndo ungeivuta trima kidogo kabla ya kujaribu. Halafu angalia upepo wa ndani ya kaiti yenyewe: bomba kubwa la mbele likiwa laini kaiti inajikunja katikati kama jelifishi na hainuki kwa dawa yoyote. Nyingi zinataka psi (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 6 hadi 8, imeandikwa kwenye kaiti, na za mtumba mara nyingi zinavuja polepole hata ukitoka ufukweni zikiwa ngumu. Wale ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walipoiombea hataza kaiti ya mabomba ya hewa mwaka 1984, shida waliyokuwa wanaitatua ilikuwa hasa hii, ielee na iweze kuinuka tena majini. Vyaelea vimeundwa, na hii imeundwa kwa hewa. Hewa ikipungua umebaki na shuka lililolowa.

Lakini kosa kubwa la siku ile, naomba usinielewe vibaya, ni zile dakika 20. Ulitumia nguvu zako zote kwenye kitu kisichofanya kazi, na upepo uliokuwa unakufa ulikuwa pia ndo upepo ambao ungekurudisha, sababu hata kujiokoa kunahitaji upepo. Mi binafsi najipa majaribio matano ya maana au dakika kumi, kinachotangulia, na kama naona upepo unashuka sifiki hata hapo. Kujiokoa kunaanza ukiwa bado na mikono.

Haya, kufyatua. Ukisukuma kifyatuo, kitanzi kinaachia, baa inakimbia mita kadhaa kuelekea kaiti, na kaiti inabaki inaning'inia kwenye kamba moja tu, kwa baa nyingi za siku hizi ni moja ya zile za mbele, ambayo inakuja mpaka kwenye lishi, ule mkanda mfupi wa usalama kwenye hanesi yako. Kamba moja imebeba, nyingine tatu zimelegea, kaiti haiwezi kujitandaza ikashika upepo, inapeperuka kama bendera. Umeona? Ni hesabu ileile. Kaiti imelala kwa sababu moja tu, hiyo kamba ni fupi kuliko zote. Siku utakapoifanya nyingine yoyote kuwa fupi kuliko hiyo, kaiti inaamka.

Na hicho ndo kilichokukuta. Ulivuta kamba yoyote uliyoiona, ukakaza mbili kwa pamoja, kaiti ikajitandaza. Haikushika upepo kwa bahati mbaya, uliiamsha mwenyewe, tena wakati kitanzi cha kamba kimeshazunguka mguu. Nakwambia wazi siyo kukusimanga, nakwambia kwa sababu wengi wanaamini kufyatua ni kuzima swichi, na siyo.

Kwa hiyo vuta kamba hiyo moja tu. Kabla hujaingia maji na hiyo baa ya mtumba ifahamu ni ipi, ifuate kwa vidole toka kwenye lishi mpaka kwenye kaiti, maana baa za zamani nyingine zinatumia kamba ya tano, nyingine kamba ya nyuma. Vuta mkono kwa mkono, usiiviringishe kwenye kiganja hata mara moja, hata kama inateleza, hata kama mikono imechoka. Mwili uwe umelala, miguu inaelea nyuma yako, usisimame majini ukapiga teke kama anayeendesha baiskeli, kamba zilizolegea zinapenda miguu inayosimama. Na kila baada ya mivuto kadhaa angalia zilizolegea ziko wapi, ziwe upande mmoja wako, zisikuzunguke. Upepo ukiwa karibu haupo ndo hatari zaidi, sababu kaiti haiendi mbali na wewe na kamba zote zinakusanyika hapohapo ulipo kama tambi.

Ukiifikia baa watu hukosea wanaanza kuviringisha zote nne papo hapo. Subiri. Endelea kuvuta ileile kamba ya usalama, urefu wa mwili wako mara mbili au tatu hivi, izungushe kwenye ncha moja ya baa, ikaze kwa kitanzi ili isifunguke. Sasa imekuwa fupi kuliko wenzake kwa mita kadhaa, na hapo ndo unaweza kuviringisha zote kwa mfano wa namba nane kwenye baa, unasogea kuelekea kaiti huku unaviringisha. Ukibakiza mita chache, funga vitanzi viwili kwenye kila ncha ya baa. Sasa hakuna kamba inayoelea popote. Baa ni jina baya kwa kweli, maana ikiachwa na kamba wazi majini inakuwa baa kama Waswahili wanavyolijua neno hilo.

Kwenye kaiti yenyewe, shika bomba la mbele karibu na ncha moja ya bawa, lala kifua juu ya ncha hiyo, na bawa la pili liache lisimame hewani. Vuta zile kamba fupi za hatamu za bawa la juu, litakuinamia na umepata tanga. Kweli kabisa ni tanga, utahisi linavuta, unaweza hata kuchagua upande kidogo, siyo kubisha (kwenda kinyume na upepo) lakini kukata mshazari kuelekea ufukwe. Likivuta mno achia hatamu, linalala. Na kama mawimbi yanavunjika juu yako na kaiti inaviringishwa, usishindane kupanga tanga. Kama upepo unaelekea ufukweni na uko karibu, kaa nje ya kamba tu uache kaiti ikuburute, au achia kila kitu utoke kwa miguu.

Hapo tumefika kwenye swali lako la mwisho, kuachana na kila kitu na kuogelea. Jibu langu ni mara nyingi hapana. Kaiti iliyojaa hewa ni boya kubwa kuliko lolote utakalopewa, na inaonekana kutoka mbali, kichwa cha mtu kwenye mawimbi hakionekani hata na anayekitafuta. Mita 400 kwenye bwawa la kuogelea na mita 400 baharini na hanesi kiunoni, umechoka, mkondo unakupeleka pembeni, ni vitu viwili havifanani. Kaiti unaiacha pale inapokuwa adui: umefyatua na bado inavuta au inazunguka, kamba zimekushika, mawe yako mbele. Ndo maana lishi nayo ina kifyatuo chake, cha pili, na mkono wako ukijue gizani. Kisu kidogo cha ndoano kwenye hanesi hakina uzito wowote, uwe nacho, kingekusaidia siku ile ya mguu. Kaiti nyingine utanunua.

Kitu kimoja ambacho hukukitaja na ningependa kukijua ni upepo ulikuwa unatoka wapi. Haya yote niliyoyaeleza yanakupeleka demani tu, pengine mshazari kidogo. Kama upepo unatoka nchi kavu kuelekea baharini, kujiokoa kunakuokoa usizame, lakini kunakupeleka mbali zaidi na ufukwe. Upepo wa hivo usiingie kama hakuna boti inayokuangalia, hata uwe na ujuzi gani, na mi hilo sina mjadala nalo.

Boti ikija, kamba ziwe zimeshafungwa kwenye baa kabla haijasogea, mwambie nahodha azime injini au atoe gia, pangaboi la injini na kamba za kaiti havipatani. Toa hewa bomba kubwa la mbele, mbavu (yale mabomba madogo) ziache na hewa zielee, viringisha kaiti kutoka ncha moja. Kama boti iko mbali, inua mikono yote miwili pembeni uishushe taratibu, mara nyingi, hiyo ni ishara ya shida inayojulikana bahari zote. Mkono mmoja wa kupunga watakupungia na wao.

Nilichoandika hapa hakitoshi mpaka mikono yako ikifanye. Tafuta mwalimu, mwambie hutaki somo la kuruka, unataka saa moja ya kujiokoa, maji ya magotini kwanza halafu ya kina, ufyatue kweli, uviringishe kweli. Aibu ya kurudi kwa mwalimu baada ya mwaka na nusu naijua, ipotezee. Mwonyeshe pia kifyatuo chenyewe: kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kifyatuliwe ufukweni kila unapoingia, na kama kinagoma kwa sababu ya mchanga au plastiki yake imelika, hiyo baa isiingie majini. Tangu 2020 kuna kiwango cha kimataifa cha vifyatuo hivi, ISO 21853, kwa hiyo ukibadilisha baa uliza kama inakifuata. Na kama umepima, umerekebisha mafundo, hewa iko sawa, na kaiti bado inadondoka nyuma, mpelekee fundi aangalie hatamu na vile vikapi vyake vidogo, nazo zinarefuka upande mmoja, ila hiyo siyo ya kupima kwa mti peke yako.

Ukishatundika kamba niandikie za nyuma zimepungua sentimita ngapi kila upande na baa yako ina mafundo mangapi, nitakwambia uanzie lipi.